Mchezo Uliouzwa Kabla ya Kuchezwa

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, Endulen

Natumaini mmekwisha kaa, na mifugo imekwisha ingia bomani. Wekeni madaftari mbele yenu na kalamu ziwe karibu, kwa kuwa somo la leo lina hesabu. Msiziogope. Ni za kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya, ambazo mmekwisha jifunza.

Leo tutasema habari ya kamari ya michezo, na habari ya wachezaji wanaouza mchezo. Kuuza mchezo maana yake ni mchezaji kupokea fedha ili ashindwe kwa makusudi, au refa kupokea fedha ili aamue kwa upendeleo. Magazeti huandika "kupanga matokeo". Mwalimu ayaandike maneno hayo mawili ubaoni: kupanga, matokeo. Yasomeni kwa sauti.

Sababu ya kuchagua somo hili ni hii. Zamani mtu aliyetaka kucheza kamari ilimbidi aende mjini, akatafute nyumba inayochezewa. Siku hizi kamari imo ndani ya simu. Kijana wa Endulen aliyekwenda Arusha kuwa mlinzi wa usiku ana simu mfukoni, na usiku ni mrefu. Mshahara wake huingia katika simu ile ile, na kamari imo katika simu ile ile. Huku nyumbani baba yake anangoja fedha za dawa ya kuogeshea ng'ombe, mama anangoja fedha za unga, na fedha haziji. Akiulizwa, kijana hujibu, "Timu imeniangusha." Pengine timu ilimwangusha kweli. Lakini pengine timu haikuanguka yenyewe. Ilianguka kwa bei, na mtu mwingine alijua tangu jana yake kwamba itaanguka.

Tuanze na mchezo mnaoujua. Wazee wawili wamekaa chini ya mti, wanacheza bao, lile ambalo Wamaasai huliita enkeshui. Watu wamewazunguka, wanatazama na kucheka. Hakuna fedha. Mzee mmoja akishinda, anapata sifa basi, na mwenzake anasema kesho atalipiza. Katika mchezo wa namna hii nani atapata faida kwa kushindwa makusudi? Hakuna.

Sasa tuseme watazamaji wameanza kuwekeana mbuzi. Huyu anasema, "Mzee wa kulia atashinda, naweka mbuzi mmoja." Yule anasema, "Mzee wa kushoto, nami naweka mbuzi." Kufika jioni, mbuzi kumi wamefungwa kando ya mti. Wazee wanaocheza hawatapata hata mbuzi mmoja, ingawa wao ndio wanaofanya kazi. Usiku mtu mmoja anamwendea mzee wa kulia, anamnong'oneza, "Kesho shindwa. Nitakupa mbuzi wawili." Siku ya pili mzee anakosea kete moja tu, mahali ambapo hata bingwa huweza kukosea. Nani atamshitaki? Mchezo ni ule ule, mti ni ule ule, kete ni zile zile. Kilichobadilika ni wale mbuzi waliofungwa kando.

Mkiuelewa mfano huo, mmeelewa nusu ya somo. Mambo ya Ulaya, ya Marekani na ya Korea ni hayo hayo, ila mbuzi ni wengi zaidi.

Sasa hesabu. Kampuni ya kamari haitoi mbuzi, hutoa odi. Odi ni namba inayokuambia utalipwa mara ngapi ya fedha uliyoweka. Ukiweka shs. 1,000/- kwa odi ya 1.85, na timu yako ikashinda, utapewa shs. 1,850/-. Angalieni vizuri: ndani ya hizo 1,850/- imo elfu moja yako mwenyewe. Faida ni 850/- tu. Timu ikishindwa, umepoteza elfu nzima.

Tuseme basi ni mchezo ambao lazima mmoja ashinde, na wachezaji wako sawa kabisa kwa nguvu. Kampuni imetoa odi ya 1.85 kwa kila upande. Baba mmoja ameweka 1,000/- upande huu, na jirani yake ameweka 1,000/- upande ule. Kampuni imekusanya kiasi gani? Itamlipa mshindi kiasi gani? Itabaki na kiasi gani?

(Tunanyamaza kidogo ili mfanye hesabu.)

Imekusanya 2,000/-, imelipa 1,850/-, imebaki na 150/-. Nani ameshinda mchezo, kwa kampuni ni mamoja. Ni kama mwenye mnada anayechukua ushuru wake, ng'ombe akiuzwa na Juma au akiuzwa na Ole. Jambo hilo halikatazwi. Hapa Tanzania iko Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, na iko Bodi inayotoa leseni na kukagua makampuni. Sheria inamkataza mtu wa chini ya miaka 18 kucheza. Kwa hiyo sisemi kwamba kila kampuni ni mwizi. Nasema hesabu yake imepangwa ili yeye asipate hasara, na ni haki yenu kuijua hesabu hiyo kabla hamjatoa fedha.

Vijana hawapendi kuweka fedha katika mchezo mmoja. Huunganisha michezo mitano au kumi katika karatasi moja, na huiita mkeka. Mchezo mmoja ukiharibika, mkeka wote umechanika. Tuchukue mkeka wa michezo mitano, kila mmoja odi 1.85. Zidisheni 1.85 mara tano kwa yenyewe, mtapata kama 21.67. Kwa hiyo shs. 1,000/- italeta shs. 21,670/-. Fedha nzuri! Lakini michezo mitano yenye pande mbili zilizo sawa huweza kumalizika kwa namna ngapi? Mbili mara mbili mara mbili mara mbili mara mbili: namna 32. Katika mikeka 32, mmoja tu ndio mzima. Mtu anayelipa mikeka yote 32 atatoa 32,000/- na kupokea 21,670/-. Toeni wenyewe mwone hasara. Katika mchezo mmoja kampuni ilikata 75/- kwa kila elfu. Katika mkeka huu imekata zaidi ya 300/- kwa kila elfu. Kijana hudhani kwamba mkeka mrefu ni ujanja wake yeye.

Basi hiyo ndiyo kamari safi, isiyo na udanganyifu wowote. Sasa tuitazame ile chafu.

Watu wengi hufikiri kwamba kuuza mchezo wa mpira lazima uwanunue wachezaji wote kumi na mmoja. Sivyo. Golikipa mmoja anatosha, au mabeki wawili. Refa mmoja anatosha kupita wote, kwa sababu penalti moja iko mikononi mwake. Tena siku hizi watu hawawekei fedha juu ya mshindi tu. Huwekea juu ya idadi ya mabao, au bao la kwanza litaingia lini, au kadi za njano zitakuwa ngapi. Kwa hiyo timu dhaifu, inayojua kwamba itafungwa, inaweza kuambiwa, "Mtafungwa tu; lakini fungweni mabao manne badala ya mawili." Mchezaji anaona si dhambi kubwa, maana kushindwa kwenyewe kulikuwako.

Wanunuzi hawa hawapendi kwenda kwa wachezaji wakubwa wanaolipwa mamilioni. Hutafuta ligi ndogo, ambako mshahara unachelewa miezi mitatu, watazamaji ni wachache na magazeti hayaandiki. Huko mchezaji ana kodi ya nyumba inayomngoja, na mtu mmoja mwenye gari anajitokeza na bahasha. Siwatetei. Lakini atakayeilaumu njaa ya mchezaji na kumwacha mwenye bahasha, huyo amekamata mkia wa nyoka.

Mfano wa karibu tunao, na uliihusu timu ya mkoa wetu wa Arusha. JKT Oljoro ni timu ya kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, na kabla ya hapo ilikuwa imekwisha cheza Ligi Kuu, tangu mwaka 2011 mpaka ilipoteremka mwaka 2014. Msimu wa 2015/16 ilikuwa katika Ligi Daraja la Kwanza, Kundi C. Katika kila kundi timu moja tu ndiyo ingepanda kwenda Ligi Kuu. Katika kundi hilo timu mbili, Geita Gold na Polisi Tabora, zilikuwa zikifuatana bega kwa bega, hata ikaonekana kwamba wingi wa mabao ndio utakaoamua. Kwa wasiofuata mpira nitaeleza: timu zikilingana pointi, huhesabiwa mabao iliyofunga timu, yakatolewa mabao iliyofungwa. Yenye baki kubwa ndiyo ya juu.

Ikafika Februari 2016, michezo ya mwisho. Geita Gold ilicheza na JKT Kanembwa ya Kigoma, ikaifunga mabao 8 kwa 0. Polisi Tabora ilicheza na JKT Oljoro, ikaifunga mabao 7 kwa 0. Jumlisheni: mabao 15 katika michezo miwili, na kila bao liliingia upande mmoja, upande ule uliokuwa ukiyahitaji. Hata mtu asiyejua mpira angeuliza. Ni kama kwenda mnadani ukakuta wauzaji wawili wasiojuana wameuza madume yao kwa bei ya kuku.

Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania lilichunguza, na Aprili mwaka ule kamati yake ya nidhamu ikatoa hukumu ya kupanga matokeo. Timu zote nne zilishushwa daraja, zile zilizofunga na zile zilizofungwa. Baadhi ya viongozi walifungiwa wasijihusishe na mpira. Nafasi ya kupanda ikapewa Mbao FC ya Mwanza, ambayo haikuwa na mabao nane wala saba ya siku ya mwisho.

Habari ya Mbao inanifurahisha, kwa hiyo niruhusuni niimalize. Timu ile iliyopanda kwa hukumu wengi waliidharau. Mwaka uliofuata, 2017, ilicheza nusu fainali ya Kombe la Shirikisho kule Mwanza, ikaitoa Yanga kwa bao 1 kwa 0. Ikafika fainali mjini Dodoma, ikafungwa na Simba mabao 2 kwa 1, tena baada ya muda wa nyongeza. Kama matokeo yale ya Februari yangaliachwa, wachezaji wale wasingalionekana na mtu. Geita Gold nayo ilingoja miaka mitano, ikafika Ligi Kuu mwaka 2021.

Angalieni jambo moja katika kisa hiki. Shabaha ya mabao yale 15 ilikuwa kupanda daraja. Lakini mlango ukiwa wazi kwa ajili ya daraja, uko wazi pia kwa ajili ya kamari. Wenzetu wa Kenya wameliona hilo.

Mtu wa kwanza wa kutajwa ni Maurice Odumbe. Huyu hakuwa mchezaji wa mpira wa miguu, bali wa kriketi. Mwaka 1996 alikuwa kapteni wa Kenya katika Kombe la Dunia, wakati Kenya ilipoishinda West Indies, moja ya timu kubwa za dunia. Kenya ilikuwa imepata mikimbio 166 tu, na watu walidhani mchezo umekwisha. West Indies wakatolewa wote kwa 93. Odumbe ndiye aliyechaguliwa mchezaji bora wa siku ile. Agosti 2004 kapteni huyo huyo alifungiwa miaka 5 kwa kupokea fedha kutoka kwa mtu wa kamari. Aliyefungiwa, basi, alikuwa shujaa wa taifa, wala si mchezaji wa pembeni asiyejulikana.

Katika mpira wa miguu yuko bwana mmoja wa Singapore, Wilson Raj Perumal, aliyezunguka dunia akinunua michezo. Mwaka 2011 mahakama ya Finland ilimfunga miaka 2 kwa kuwahonga wachezaji wa timu ya mji wa Rovaniemi, na miongoni mwa waliopokea walikuwamo vijana kutoka Zambia. Wazieni kijana wa Kiafrika, yuko peke yake katika nchi ya theluji, mbali na mama yake. Mnunuzi alijua pa kutafuta. Julai 2019 FIFA, yaani shirikisho la mpira la dunia nzima, ilimfungia miaka 10 George Owino Odhiambo, aliyekuwa beki wa timu ya taifa ya Kenya, kwa kushirikiana na Perumal huyo kupanga matokeo.

Halafu mambo yaliingia ndani ya ligi yenyewe. Februari 2020 FIFA iliwafungia wachezaji wanne kwa kupanga matokeo ya michezo ya ligi ya Kenya. Kesi ilihusu klabu ya Kakamega Homeboyz. Watatu walifungiwa miaka 4 kila mmoja, na wa nne, raia wa Uganda, alifungiwa maisha. Mwaka 2021 klabu nzima, Zoo FC ya Kericho, iliondolewa katika Ligi Kuu kwa sababu hiyo hiyo. Kakamega na Kericho si miji mikubwa ya dunia. Lakini mtu aliyekaa Asia aliweza kuweka fedha juu ya mchezo wa Kericho, kama vile kijana wa Karatu anavyoweka fedha juu ya mchezo wa Uingereza. Njia ya kwenda ndiyo njia ya kurudi.

Sasa nitawapeleka mbali kidogo, na mwanzoni mtacheka. Katika orodha zile za kamari za simuni imo michezo ambayo haichezwi uwanjani kabisa. Ni michezo ya kompyuta. Vijana hukaa vitini, kila mmoja na kioo chake, wanaongoza askari wa picha wanaopigana na askari wa picha wa wenzao. Msidhani ni mchezo wa watoto tu. Wako wanaolipwa mshahara kwa kazi hiyo, wana makocha, wana mashindano yenye zawadi kubwa, na maelfu ya watu huwatazama. Palipo na watazamaji, mbuzi wamefungwa kando.

Korea ya Kusini ilitangulia katika michezo hii, na ilitangulia katika aibu yake. Mwaka 2010 wachezaji 11 wa mchezo uitwao StarCraft walifukuzwa kwa kuuza michezo, na mmoja wao, Ma Jae-yoon, alikuwa bingwa aliyependwa na nchi nzima. Mtu angefikiri kwamba waliobaki wamepata somo. Mwaka 2016 alikamatwa Lee Seung-hyun, kijana aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 2014. Alikuwa ameshindwa kwa makusudi michezo miwili, akapokea won milioni 70, ambazo wakati ule zilikuwa karibu dola 60,000. Mahakama ilimhukumu kifungo cha miezi 18 kilichoahirishwa, na ikamtoza fedha sawa na zile alizopokea. Chama cha michezo hiyo kilimfungia maisha. Kijana huyu hakuwa na njaa. Alikuwa amekwisha pata zawadi nyingi za haki.

Huko Marekani, Agosti 2014, timu moja yenye nguvu iitwayo iBUYPOWER ilishindwa na timu dhaifu katika mchezo wa Counter-Strike. Waliowekea dau hawakuweka fedha. Waliweka mapambo ya bunduki za picha! Bunduki yenyewe haipo, rangi yake haipo, lakini watu huinunua na kuiuza kwa dola halisi. Mapambo yaliyoshinda yalipitishwa kwa mikono ya watu kadhaa mpaka yakawafikia baadhi ya wachezaji wenyewe. Januari 2015 kampuni inayomiliki mchezo huo, Valve, iliwafungia. Mnaona jinsi kamari isivyojali kinachowekwa, mbuzi, shilingi, au rangi ya bunduki isiyokuwako.

Katika michezo hii kuna na udanganyifu wa pili, ambao mpira wa miguu hauna. Mchezaji anaweza kuficha ndani ya kompyuta programu inayomsaidia kulenga. Oktoba 2018, katika mashindano ya Shanghai, China, wasimamizi waliiendea kompyuta ya mchezaji mmoja wa timu ya India ili waikague. Kijana akajaribu kuifuta programu mbele ya macho yao. Alikuwa ameipa jina word.exe, ili ionekane kama chombo cha kuandikia barua. Timu yake ilitolewa mashindanoni siku ile ile na baadaye ikavunjwa, ingawa wenzake hawakuwa wakijua. Yeye alifungiwa miaka 5.

Mtauliza, hukamatwaje? Mara nyingi hukamatwa na fedha yenyewe. Mchezo mdogo ambao kwa kawaida huwekewa dau dogo, ghafula unamiminiwa fedha nyingi upande mmoja, saa chache kabla ya kuanza. Odi inatikisika, kama nyasi zinavyotikisika wakati ambapo hakuna upepo. Mchungaji anajua maana yake. Wako watu ambao kazi yao kutwa ni kuzitazama nyasi hizo. Lakini tazameni, mpaka watakapogundua, yule mlinzi wa usiku amekwisha kuliwa elfu zake, na hukumu ikija baada ya miaka miwili, hakuna anayemrudishia.

Nimeacha la mwisho ambalo pengine limekwisha fika katika simu zenu. Ujumbe unakuja kutoka kwa mtu usiyemjua: "Nina mechi za uhakika, zimepangwa. Leo nakupa bure. Mchezo huu utakuwa na mabao matatu au zaidi." Unautazama mchezo, na kweli yanaingia matatu. Siku ya pili anakupa mwingine, na kweli inakuwa. Mara ya tatu kweli. Mara ya nne kweli. Mara ya tano anasema, "Sasa nitumie shs. 30,000/- nikupe mchezo mkubwa." Nani hatashawishika? Mtu amesema kweli mara nne mfululizo!

Chukueni kalamu. Tapeli huyu hajui mchezo wowote uliopangwa. Siku ya kwanza amewaandikia watu 1,600. Watu 800 amewaambia mabao yatakuwa matatu au zaidi. Watu 800 amewaambia yatakuwa mawili au pungufu. Lazima nusu moja iwe imeambiwa kweli. Wale walioambiwa uongo anawaacha, hawaandikii tena. Wale 800 waliobaki anawagawa tena nusu kwa nusu. Endeleeni wenyewe: baada ya mchezo wa pili wamebaki wangapi walioambiwa kweli tu? Baada ya wa tatu? Baada ya wa nne?

(Tunanyamaza tena. Anayemaliza kwanza asiseme jibu, amsaidie mwenzake.)

Baada ya mchezo wa pili ni 400, baada ya wa tatu ni 200, baada ya wa nne ni watu 100. Watu hao 100 hawajui kwamba wako wengine 1,500 walioachwa njiani. Kila mmoja anadhani amepata nabii. Wote wakituma 30,000/-, tapeli amepata shilingi ngapi kwa siku moja? Andikeni jibu kwa tarakimu, kisha kwa maneno, mwalimu alisahihishe.

Fikirini tena jambo moja dogo. Mtu aliyenunua mchezo kweli, akatoa hongo kwa golikipa na kwa refa, je, atawatangazia watu 1,600 wasiomjua? Kila anayejiunga naye huitikisa odi, na odi ikitikisika, wakaguzi wanaamka. Mwizi wa ng'ombe hapigi baragumu.

Ujumbe wa namna hiyo ukija, msiujibu, wala msitume fedha ya kuonja. Upelekeni kwenye namba 15040, iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania kwa kupokea taarifa za utapeli wa simu, na mfuate maelezo mtakayoletewa. Mtatakiwa kuandika namba iliyowaletea ujumbe. Ninyi mliomaliza kitabu cha kwanza mnaweza kuandika ujumbe huo bila msaada. Kwa kazi ya nyumbani, kila mmoja aandike namba hiyo katika ukurasa wa mwisho wa daftari lake, na awafanyie vijana wa boma lake ile hesabu ya mkeka wa michezo mitano. Wanaofanya kazi Arusha mwafanyie kwa simu.